Kete za Dani

Nyanya yangu, ambaye kwa desturi yetu Wajaluo tulimwita Dani, alifariki akiwa amekwisha kutengeneza mambo yake yote isipokuwa jambo moja. Shamba alikuwa ameligawa. Nguo za kuzikiwa alikuwa amezichagua mwenyewe, na kuku wa kuwachinjia waombolezaji aliwataja mmoja mmoja kwa rangi zao. Hata hivyo, tulipokuwa tukisafisha chumba chake siku ya nne baada ya mazishi, shangazi yangu alitoa chini ya kitanda kopo kuukuu la Kimbo lililoshika kutu. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cha kaniki kilichofungwa fundo, na ndani ya kitambaa hicho mlikuwa na vitu tisa vilivyochakaa, vyeupe kama mfupa.

Baba mdogo alivitupia jicho mara moja tu, akarudi nyuma. "Gagi," akasema.

Msomaji asiyejua Kijaluo na afahamu kwamba neno hilo lilitua chumbani kwa kishindo. Gagi ni kauri, wale konokono wa baharini wenye mgongo wa mviringo na mdomo wenye meno. Kauri ndizo ambazo baadhi ya waganga wa kwetu hurusha chini ili wasome mambo yaliyofichika. Dani naye alikuwa ameimba katika kwaya ya kina mama tangu kabla sijazaliwa. Ikiwa mwanamke huyo alikuwa akificha gagi uvunguni, basi tulikuwa tumemzika mtu tusiyemjua. Baba mdogo alitaka kopo litumbukizwe chooni kabla mchungaji hajaja kutuombea jioni. Shangazi alinyamaza. Mimi ndiye niliyelishika kopo nikasema silitoi.

"Wewe si ndiye unayesoma maneno huko chuoni?" baba mdogo akaniambia kwa kebehi. "Haya, nenda ukayasome hayo."

Nami, waama, niliyachukua nikaenda kuyasoma.

Mwanafunzi wa Kiswahili akikwama hukimbilia kamusi. Kamusi niliyokuwa nayo chumbani ilinitoa kwenye kauri ikanipeleka kwenye simbi. Simbi ikanielekeza kwenye kete. Kete ikanirudisha palepale pa kauri, kama mtu aliyezungushwa shambani usiku na pepo. Nilipotafuta dondo, kome na tondo nilikuta kila mmoja ameelezwa kuwa ni aina fulani ya mnyama wa baharini mwenye gamba. Aina gani? Mkubwa au mdogo? Wa mwambani au wa matopeni? Kamusi ilikuwa kimya. Jambo moja tu lilinifurahisha katika mzunguko ule, nalo ni kwamba neno kauri hutumika pia kwa vile vyombo vyeupe vinavyong'aa, vikombe na sahani za kaure kama wengine wasemavyo. Waitaliano nao walipitia njia hiyohiyo: neno lao porcellana lilikuwa jina la konokono huyu kabla halijawa jina la sahani. Watu wa pwani mbili zilizo mbali waliuona mng'aro mmoja, wakaupa jina moja. Lakini vitu vya Dani havikuwa na mng'aro. Vilikuwa vimelika.

Rafiki yangu wa darasani ni mzaliwa wa Gazi, kusini mwa Mombasa, katika Kaunti ya Kwale. Nilipomwonyesha kopo alicheka akasema kwamba kwao vitu hivyo huviokota watoto, na kwamba bibi yake anavijua kuliko kamusi zote za maktaba. Likizo ya Desemba ilipowadia tulipanda basi la usiku hadi Mombasa, tukavuka kivuko cha Likoni alfajiri pamoja na umati wa watu na mikokoteni, kisha tukapanda matatu ya kuelekea Gazi. Pepo za kaskazi zilikuwa zimeshika, bahari imetulia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona. Niliona haya kulisema hilo mbele ya wenyeji, mtu anayeandika insha kuhusu ushairi wa upwa wa Waswahili bila kuujua upwa wenyewe.

Nilimwamkia Bibi kwa shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza habari za kwetu, za wazazi, za mvua na za ng'ombe. Nilipoanza kulifungua kopo, alinizuia kwa mkono.

"Lifunike, mjukuu wangu. Kwanza ujue bahari inavyokula vitu vyake. Baadaye ndipo utaniuliza habari za vilivyoliwa na watu."

Basi kwa asubuhi tatu nilikuwa mwanafunzi wa Bibi. Tulikuwa katika bamvua la mwezi mpevu, na katika upwa ule maji ya bamvua hupwa kabisa yapata saa nne za asubuhi, yakaacha uwanja mpana wa mchanga, majani ya bahari na mawe ya matumbawe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama hadi kiuno kikalalamika.

Siku ya kwanza alinionyesha kete aliye hai, akanikataza kumwondoa mahali pake. Nilimtambua kwa shida, kwa sababu nyama yake ilikuwa imetoka nje na kulifunika kombe pande zote mbili kama mtu aliyejitanda kanga. Hiyo ndiyo siri ya mng'aro wa kauri. Konokono wengi hujenga kombe wakaliacha wazi lipigwe na maji na mchanga. Kauri hulikumbatia lake kwa nje, na nyama hiyohiyo hupaka tabaka juu ya tabaka kama fundi asiyeridhika na rangi yake. Bibi alimgusa kidogo, nyama ikajikunja ndani, na kombe likaonekana: jeupe lenye kupiga ukijivu, na mgongoni pana duara jembamba la rangi ya dhahabu. Ni kwa ajili ya duara hilo kwamba Linnaeus, aliyeipa aina hiyo jina la kitaalamu mwaka 1758, alichagua neno la Kilatini lenye maana ya pete: annulus. Mwenzake mwenye rangi ya manjano, ambaye pembe za ubavuni mwake hutokeza kama mabega ya mtu aliyekonda, alimwita moneta, yaani fedha.

Konokono akishafariki, hakuna tena wa kupaka. Hapo ndipo bahari huanza kula. Bibi alikuwa na fungu la kete mfu alilolitandaza juu ya jamvi, naye akazipanga kutoka iliyokufa jana hadi iliyokufa zamani. Kinachotangulia kuondoka ni rangi. Duara la dhahabu hufifia, mng'aro unakufa, na kete nzima inakuwa kama chokaa. Kisha jambo la ajabu hutokea: mahali pa juu kabisa pa mgongo, panaposuguliwa zaidi na mchanga, tabaka jeupe huisha na rangi ya zambarau inatokeza kutoka chini. Niliziokota nyingi za namna hiyo nikidhani ni aina nyingine, tena nzuri kuliko ya kwanza. Bibi alizirudisha zote katika fungu moja. "Huyu ni yuleyule," akasema, "amevuliwa nguo tu."

Baada ya zambarau huja tundu. Mgongo hutoboka, tundu linapanuka, hadi mwisho wake kinachobakia ni tumbo peke yake: kipande bapa, kirefu kama jicho, chenye ufa katikati na safu mbili za meno. Ukiliona pande hilo kwa mara ya kwanza huwezi kulihusisha na yule kete wa dhahabu. Lakini meno yamebaki. Meno yamo upande mnene, mwishoni kabisa mwa ulaji, na kauri huwa nayo pande zote mbili za mdomo.

"Usitazame mavazi, tazama midomo," Bibi alisema, na maneno hayo aliyarudia kila nilipokosea, nami nilikosea mara nyingi.

Nilikosea, kwa mfano, kwa yule konokono mwenye umbo la pia, ambaye wanasayansi humwita Conus. Naye ana mdomo mrefu na mwembamba kama ufa, na akiisha kusuguliwa huwa mweupe na laini kama kauri. Nikamweka katika fungu la kete. Bibi alinipitishia ukucha mdomoni mwake: hamna jino hata moja, na upande mpana wa kombe una mzunguko wa ngazi unaopanda hadi ncha. Hapo aliongeza onyo ambalo si vibaya kulirudia hapa, maana wanafunzi wetu huenda pwani kwa ziara za kimasomo na kushikashika kila kitu. Konokono huyo akiwa hai ana mwiba wa sumu. Aina iitwayo Conus geographus imewahi kuwaua watu. Aliyekufa ni wako, aliye hai mwache na bahari yake.

Nilikosea pia kwa kauri mchanga. Kumbe kauri ambaye hajakomaa hana meno wala ule mdomo uliokunjika ndani. Ni kikombe chepesi chenye mdomo mpana, na mtu asiyejua atasema ni konokono wa ukoo mwingine kabisa. Dondo, yule kauri mkubwa mwenye madoa kama ya chui, anayejaa kiganja, hupoteza madoa yake yote akawa kama yai lililopauka. Ukubwa wake na meno yake ndiyo humtetea. Washona kofia wa zamani walimtumia kulainishia nguo, Bibi akanieleza, na dondo lililochakaa kwa kitambaa halifanani na lililochakaa kwa mchanga. Nikalishika neno hilo kwa makini, nikijua ananielekeza wapi.

Wengine niliwapitia upesi. Konokono wenye vidole virefu huvunjika vidole vyote wakabaki gogo, hata ukidhani ni watu wawili tofauti. Tondo wa mikokoni, mrefu kama msumari mnene, hupoteza ncha. Vile vifungo vya mawe, upande mmoja vimebinuka na upande wa pili ni bapa wenye mchoro wa mzunguko, wala si makombe. Ni vifuniko ambavyo konokono fulani hufungia mlango wake, naye mwenyewe ameoza kitambo na nyumba yake imechukuliwa na wimbi.

Jambo la matundu lilitutwaa asubuhi nzima ya siku ya tatu. Mimi nilidhani kwamba kombe lenye tundu la duara, safi, limetobolewa na mtu. La hasha. Wapo konokono wawindaji ambao hukeketa kombe la mwenzao kwa ulimi wenye meno ili wamle ndani, na tundu lao huwa pana kwa nje na jembamba kwa ndani, kama faneli. Wapo sifongo ambao hutoboa kombe mfu vitundu vingi vidogo kama vya sindano. Wapo minyoo ambao hujenga vijia vyeupe vya chokaa ndani ya kombe. Alama hizo zote zinasema neno moja: kombe hili lilikaa baharini bila mwenyewe. Na wapo, bila shaka, wale kaa ambao hawana gamba mgongoni, hivyo huishi ndani ya makombe ya marehemu, wakihama kila wanapokua. Nilipoona mmoja akikimbia na kombe lililolika hadi kutoboka, huku tumbo lake laini likionekana tunduni, nilirudisha mchangani makombe mazima niliyokuwa nimejaza mfukoni. Katika hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kuchukua kombe hata lililo tupu ni marufuku. Nilikuwa nikiiona sheria hiyo kuwa ya kuwaudhi watalii. Yule kaa alinielimisha.

Jioni ya siku hiyo ya tatu Bibi alisema, "Sasa fungua."

Alivitandaza vitu vya Dani juu ya ungo, karibu na mlango penye mwanga. Alivaa miwani yake. Hakusema lolote kwa muda mrefu, nami moyo ulikuwa ukinidunda kama mtahiniwa anayesubiri matokeo. Kimoja alikitenga mara moja. Vinane alivigeuza tumbo juu.

"Kete," akasema. "Zote nane. Za pete, si zile za mabega."

Hilo nilikuwa nimekwisha kulijua kwa meno yao na kwa umbo lao la yai. Zote nane zilikuwa zimekosa mgongo. Katika siku yangu ya kwanza ningesema kwamba bahari ndiyo iliyowatoboa, na huo ungekuwa mwisho wa insha hii. Bibi alinipa ya kwanza akaniuliza ninaona nini ndani. Niliona kwamba ndani bado mnang'aa. Hamkuwa na vijia vya minyoo, hamkuwa na vitundu vya sifongo, wala chembe ya mchanga iliyonasa pembeni. Kete hiyo haikuokotwa ufuoni baada ya kufa. Ilichukuliwa ikiwa hai, ikafukuliwa ama ikachemshwa, ikasafishwa na mtu mwenye haja nayo. Kisha aliniambia nizipange zote nane kwa mstari na kutazama kingo za matundu. Kingo zilikuwa katika kimo kimoja. Bahari, alisema, haina kipimo. Itaila hii nusu na ile robo. Aliyezikata hizi alikuwa na mkono uliozoea.

"Sasa pitisha ukucha hapa."

Kila kauri ina vijimfereji viwili, kimoja katika kila ncha ya mdomo. Nilipitisha ukucha katika ncha ya kwanza, nikahisi mchirizi mwembamba uliochimbika ndani ya gamba. Katika ncha ya pili pia. Katika kete ya pili, ya tatu, ya nane. Mchirizi uleule, mahali palepale.

"Uzi," Bibi alisema. "Uzi umepita hapa miaka na miaka. Hizi zilishonwa juu ya ngozi au nguo, meno yakitazama nje. Ndiyo maana meno ya katikati yamelika na ya pembeni yangali makali: yalisuguliwa na mkono wa mwenyewe, au na mtoto wa mgongoni."

Nilimwuliza swali lililonileta. Je, hazikuwa za kupigia ramli? Bibi hakutaka kumsemea mtu asiyemjua. Alichosema ni kwamba kitu kinachorushwa chini huumia pande zote, na kingo za njia ya uzi zingekuwa zimevunjikavunjika. Hizi zilikuwa na kingo safi.

Kitu cha tisa kilikuwa kisahani cheupe, kipana kuliko kete, chenye mchoro wa mzunguko upande mmoja. Nilidhani ni kifuniko. Lakini kifuniko hakina ngazi, na mchoro huu ulikuwa wa ngazi zilizolika. Ilikuwa ni kichwa cha yule konokono wa umbo la pia, kilichokatwa kikatengwa na mwili wake. Bahari nayo hufanya hivyo. Ufuoni tulikuwa tumeokota vichwa vya namna hiyo vilivyotoboka nchani vyenyewe, tayari kutungwa. Tofauti ni kwamba hiki cha Dani kilikuwa na matundu mawili madogo yaliyokaribiana, yaliyochimbwa kutoka pande zote mbili yakakutana katikati, membamba kiunoni. Hakuna konokono mwindaji anayetoboa hivyo, kwani hawezi kuwa nje na ndani kwa wakati mmoja.

Niliporejea chuoni nilisoma nilivyoweza kuhusu visahani hivyo, na sikuamini macho yangu. Mwaka 1854, David Livingstone alipokuwa safarini katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Zambia, chifu wa Walunda aitwaye Shinte alimvika shingoni kichwa cha konokono wa aina hiyo kama zawadi ya heshima kubwa. Livingstone aliandika kwamba viwili vya namna hiyo vilitosha kumnunua mtumwa, na vitano vilihesabiwa kuwa bei nzuri ya jino la ndovu. Huko Unyamwezi vilikuwa miongoni mwa alama za utemi. Kitu ambacho ufuoni mtoto hukipiga teke, kilipobebwa mamia ya maili kutoka kwenye maji kilikuwa bei ya mtu. Nilikitazama kile cha Dani nisijue kama niendelee kukipenda.

Kete zenyewe zina historia pana zaidi. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alizikuta kauri zikitumika kama fedha katika visiwa vya Maldivi, na akazikuta tena katika nchi ya Mali, ng'ambo ya pili ya bara. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walisheheni merikebu zao kete za pete kutoka Unguja, wakazipeleka Afrika Magharibi na kuzimwaga katika masoko kwa wingi hata thamani ya kauri ikaporomoka, na waliokuwa wameweka akiba yao ndani ya mitungi wakaamka maskini. Waganda hadi leo huita pesa ensimbi, nasi tunaitambua mara moja simbi yetu humo. Fedha ya Ghana, iliyoanza kutumika mwaka 1965, iliitwa cedi kwa kufuata neno la Kiakan la kauri. Na kwetu Nyanza? Misafara ya Waswahili ilifika hadi kwa Wawanga, katika mji tunaouita Mumias, katika karne ya kumi na tisa, nako si mbali na kijiji alikozaliwa mama yake Dani. Pengine kete hizo zilifika kwetu kabla ya Kiswahili chenyewe, zikiwa mgongoni mwa mtu ambaye hakuna aliyemwandika jina.

Hapa niruhusiwe kusema neno moja kwa walimu wetu na wenzangu wa chama. Tumetumia mihadhara mingi na vikombe vingi vya chai kubishana iwapo tuseme tarakilishi au kompyuta. Sibezi mjadala huo. Nami nimeushiriki, tena kwa kelele. Lakini kete, simbi, dondo, kome na tondo ni maneno ambayo hatukuhitaji kuyaunda. Yapo. Yana wenyewe, nao wanazeeka. Tumeyaingiza kamusini bila maana yake, kama makombe yaliyookotwa ufuoni baada ya konokono kufa: umbo limebaki, nyama hakuna. Mtunga kamusi angekaa nusu saa kwenye jamvi la Bibi, asingeandika "aina ya mnyama wa baharini." Nilipomweleza mhadhiri mmoja jambo hili alinijibu kwamba hiyo ni kazi ya wanabiolojia. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Mwanabiolojia ameshafanya kazi yake tangu 1758. Anajua annulus na moneta. Asichojua ni kwamba Bibi hutofautisha "aliyevuliwa nguo" na "aliyeliwa", na kwamba tofauti hiyo ndiyo iliyoniwezesha kurudi nyumbani.

Nilirudi Siaya likizo ya Aprili, mvua ya masika ikiwa imeanza. Baba mdogo alikuwa amekaa barazani akitengeneza redio. Sikumhutubia. Niliweka kopo mezani, nikazipanga kete nane kwa mstari kama Bibi alivyonifundisha, nikamwomba mkono wake. Alisita. Kisha alinyoosha kidole chake kinene cha mkulima, nami nikakipitisha ukucha katika njia ya uzi, kete ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliipitisha mwenyewe.

"Mtu anaweza kuzifumua kwenye mkanda akazirushia," alisema. Ni pingamizi la haki, na nilikuwa nimelitarajia. Nikamwonyesha kingo za mchirizi, jinsi zilivyo safi. Nikamwonyesha ndani panapong'aa. Alizileta karibu na macho, moja baada ya nyingine, bila kusema neno.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Panya," akasema.

Tukamgeukia.

"Ulikuwa mkanda wa ngozi. Wa mama yake. Panya waliula, akalia siku nzima, akazikata zilizobaki akazifunga kwenye kaniki. Mimi nilikuwa mdogo hivi." Alionyesha kimo kwa mkono. Baba mdogo alimwuliza kwa nini hakusema siku ile. Shangazi alijibu kwamba siku ile nyumba ilijaa watu, na yeye hakuwa na hamu ya kumpinga kaka yake mbele ya wageni waliokuja kumlilia mama yao. Halafu aliingia jikoni, kwa maana maji yalikuwa yamechemka.

Baba mdogo alianza kuzirudisha kete kopo­ni, akizihesabu kwa sauti ya chini. Alifika nane, akatia kile kisahani, kisha akaona bado ipo moja iliyobaki mezani. Bibi wa Gazi ndiye aliyenipa siku ya kuondoka, kutoka katika fungu lake: kete ya pete iliyolika, isiyo na mgongo, nyeupe kama mfupa. Nilikuwa nimeisahau humo ndani.

Nilitaka kumweleza, lakini alikuwa amekwisha kuiokota. Aliigeuza tumbo juu. Alipitisha ukucha katika ncha moja, akapitisha katika ncha ya pili, akarudia tena polepole, kisha akainua nuruni aone ndani yake.

"Hii si ya mama," akasema, akaiweka kando.